Masagali hakuwa mtu

MWALIMU wa darasa la nne aliwapa watoto kazi moja tu ya likizo: wachore mti wa ukoo, warudi nyuma kadiri wazazi wao wanavyojua, kisha waandike mistari mitano kuhusu kazi aliyofanya mmoja wa watu waliomo. Ukiisoma harakaharaka unadhani ni kazi ya jioni moja, chai ikiwa mezani. Kwetu imechukua wiki tano na bado haijaisha.

Binti yangu aliniletea daftari kibarazani.

"Baba, babu yako alikuwa anafanya kazi gani?"

Nikamjibu bila kufikiri, kama nilivyojibiwa mimi nikiwa na umri wake. Alikuwa kapteni wa MV Victoria.

Akaandika. Alipofika kwenye nukta akainua kichwa.

"Kwani Bariadi kuna meli?"

Kwa msomaji ambaye hajafika kwetu, swali hilo lina uzito wake. Bariadi ni makao makuu ya Mkoa wa Simiyu, mkoa ulioanzishwa 2012 kwa kumega Shinyanga na Mwanza. Ni nchi ya pamba, ng'ombe na mbuga za udongo mweusi. Mito tunayo, lakini ni ya msimu: masika inafunga barabara, kiangazi inabaki mchanga mtupu na akina mama wanachimba humo kutafuta maji ya ndoo moja. Ziwa Victoria linaugusa mkoa wetu kule Busega tu. Mtoto wa Bariadi mjini anaweza kumaliza shule ya msingi mtumbwi akiwa ameuona kwenye kitabu.

Nikakaa pale kibarazani nikajiuliza, kwa mara ya kwanza katika miaka yangu zaidi ya 40: huyu mzee alifikaje majini?

Baba yangu alishafariki. Nikampigia kaka yake mkubwa, anayeishi Dutwa. Baada ya shikamoo na habari za mvua nikamuuliza. Alinijibu kama mtu aliyetukanwa.

"Andika kapteni. Au unataka kumshusha cheo baba yangu kwa sababu ya daftari la mtoto?"

Nikatulia, lakini hesabu ilikuwa imeshaanza kunisumbua. MV Victoria, ile ambayo baada ya ukarabati inaitwa New Victoria Hapa Kazi Tu, ilijengwa Scotland, ikaja kwa vipande, ikaunganishwa Kisumu na kuanza kazi 1961. Babu, kwa maelezo ya kila mtu nyumbani, alirudi moja kwa moja mwaka wa mvua kubwa, zile zilizoanza mwishoni mwa 1961 na kuendelea mwaka uliofuata. Baba yangu akazaliwa 1963. Ina maana kapteni alikabidhiwa meli mpya kuliko zote ziwani, akaiendesha miezi michache, akaiacha na kurudi kupalilia pamba?

Tena enzi zile za ukoloni vyeo vya juu melini vilikuwa vya Wazungu. Kijana wa Ntuzu asiye na cheti chochote angeruhusiwa kuupaka usukani mafuta, si kuushika.

Nashuku hatuko peke yetu katika hili. Huku Kanda ya Ziwa, familia nyingi zenye mzee aliyewahi kubeba gunia gatini zimempandisha Victoria na kumvisha kofia nyeupe. Meli ile ingekuwa na makapteni wote tunaowasimulia, isingebaki nafasi ya abiria.

Baba mkubwa hakuyumba. Lakini katika kunikemea alitamka sentensi ambayo nimeisikia tangu utotoni bila kuisikiliza: "Alianza kupakia marobota ya pamba Mwanza, akaenda Kisumu, halafu alikuwa na Masagali miaka mingi. Angekuwepo Masagali ungemuuliza yeye!"

Masagali. Nyumbani kwetu kila mtu alimjua. Baba yangu alisema alikuwa Mhindi mwenye meli zake. Baba mkubwa anasema alikuwa Mganda, fundi wa mitambo, mkali kama pilipili. Mimi nikiwa mdogo nilimpa ndevu na sauti nene. Tukibagua chakula tulikuwa tunaambiwa kwamba babu alipokuwa na Masagali alikula alichopewa na akashukuru. Tulimchukia kidogo huyo Masagali.

Aliyebaki wa kuulizwa alikuwa shangazi, mzaliwa wa kwanza wa babu, mwenye miaka 80 sasa na anakaa Nkololo. Jumamosi moja nikachukua sukari, sabuni na majani ya chai, nikaenda.

Safari ya kwanza niliiharibu mwenyewe. Nilikaa, nikaweka simu mezani, nikawasha kinasa sauti na kuanza: babu alizaliwa mwaka gani, aliondoka mwaka gani, aliajiriwa na nani. Shangazi aliitazama simu, akanitazama mimi. "Leo umekuja kama polisi," akasema, akainuka kwenda kutazama kuku. Nikarudi na dakika nne za sauti za kuku.

Nilichojifunza ni kwamba wazee wetu hawahesabu kwa tarakimu. Wana kalenda yao: mwaka wa nzige, mwaka wa njaa, mvua kubwa, Uhuru, kuhamishiwa vijijini 1974, vita vya Kagera. Mzazi ukitaka mwaka wa jambo, uliza lilitokea kabla au baada ya lipi kati ya hayo, kisha tarakimu utaitafuta mwenyewe nyumbani. Na kwa sisi Wasukuma majina yenyewe ni kumbukumbu. Nyanjige alizaliwa wakati wa nzige, Nyanzala wakati wa njaa, Mabula mvua ikinyesha. Ukikuta Shija katika ukoo, tafuta mapacha waliomtangulia, Kulwa na Doto, hata kama hakuna anayewataja. Bibi yangu mmoja katika mti ule tulimpatia mwaka wake kwa jina tu.

Karatasi nazo nilizitafuta. Lilikuwapo sanduku la bati alilorudi nalo babu, lenye herufi zilizopakwa rangi nyeupe, lakini wakati wa kuhamia vijijini liliachwa kwenye mahame, matongo kama tunavyosema, na mchwa walimaliza kila kilichokuwa ndani. Sanduku lipo kwa baba mkubwa. Linatunzia mbegu.

Mara ya pili nilikwenda na mtoto, bila maswali. Shangazi alikuwa anapukuchua mahindi, nikakaa kumsaidia. Binti yangu na wajukuu wa pale wakaanza kucheza kujificha nyuma ya ghala. Zamu yake ilipofika akafunika macho ukutani akahesabu kama nilivyomfundisha, na kama baba yangu alivyonifundisha mimi: "Emu, biri, satu, nya, tano..."

Shangazi aliacha mahindi. Akacheka mpaka akajifuta macho kwa kanga.

"Nani kamfundisha hesabu ya maji?"

Siku zote nilidhani ni maneno ya mchezo. Kisukuma ni imo, ibili, idatu, kwa hiyo nikaona mtu fulani aliyaharibu kwa utani. Shangazi akaeleza, safari hii bila kuulizwa. Babu hakushika usukani. Alikuwa anasimama mbele kabisa ya chombo na upondo, mti mrefu uliochorwa alama, anauzamisha majini, anasoma alama, anapaza sauti kueleza kina kwa aliyeko juu. Kikipungua, meli inapunguza mwendo au inakata kona. Kutwa nzima. Aliporudi nyumbani mazoea hayakumtoka: mto ukijaa, anatangulia na fimbo yake, watoto nyuma wameshikana mikono, anapima hatua kwa hatua akiita emu, biri, satu. Alipofika tano wote waligeuka kurudi.

Hapo nikathubutu. "Sasa shangazi, huyo Masagali, alikuwa Mhindi au Mganda?"

Alinitazama kwa huruma.

"Masagali ni mtu? Ni mahali. Baba alikuwa Namasagali."

Mzazi mwenzangu, litamke kwa sauti utaona. Alikuwa Namasagali. Alikuwa na Masagali. Shangazi alilisikia kutoka kinywani mwa mwenye safari. Wadogo zake walilisikia baadaye, wakalikata pasipostahili, na kipande kilichobaki wakakiotesha ndevu.

Usiku ule niliandika jina hilo kwenye simu, herufi kwa herufi. Lipo. Namasagali ni mji mdogo wa Uganda, Wilaya ya Kamuli, kando ya Mto Nile kaskazini mwa Jinja. Kati ya Jinja na hapo mto una maporomoko, vyombo haviwezi kupita, kwa hiyo Waingereza walijenga reli fupi kutoka Jinja, ikafika Namasagali 1912. Kuanzia hapo maji yanatulia. Meli zilishuka na mto, zikavuka Ziwa Kyoga hadi Masindi Port. Kutoka huko watu na mizigo walipanda magari hadi Butiaba, kwenye Ziwa Albert, wakapakiwa tena melini kuelekea Pakwach na hadi Nimule, mpakani mwa Sudan.

Babu yangu, basi, hakuwa baharia wa ziwa letu. Alikuwa mtu wa meli za mtoni.

Nilivyoendelea kusoma, mambo yaliyokuwa yakihesabiwa kuwa uongo wa babu yakaanza kusimama moja baada ya jingine. Alisema meli yake ilikuwa na gurudumu nyuma, watu wakamcheka, maana aliyezoea meli za Mwanza hajawahi kuona kitu kama hicho. Lakini Kyoga ni ziwa la kina kifupi, mita chache tu, na meli ya kawaida ingekwama. Zilizotumika zilikuwa za chini bapa, zikisukumwa na gurudumu kubwa la makasia lililofungwa nyuma, na matishari ya mizigo yakiongozana nazo. Ndiyo sababu palihitajika mtu wa upondo.

Alisema aliona kisiwa kikitembea. Hiyo ilikuwa inamalizia kila hadithi ya uongo nyumbani kwetu, mtu akitia chumvi anaambiwa "na kisiwa kikatembea." Kumbe Kyoga imejaa mafunjo, na mafunjo yakishikana mizizi yanafanya visiwa vinavyoelea. Upepo ukivuma vinahama. Asubuhi unaamka njia ya jana imezibwa.

Na mbwa. Tangu nipate akili, mbwa wa kwa babu waliitwa Sitanle, akifa mmoja anayefuata anarithi jina. Meli za gurudumu za Kyoga ziliitwa Speke, Grant na Stanley.

Shehena kubwa ilikuwa pamba ya Lango na Teso. Hili lilinichekesha peke yangu usiku. Mtu kakimbia pamba Ntuzu, kasafiri nchi tatu, anaikuta pamba inamsubiri gatini.

Namna kijana wa huku alivyofika kule nayo inaeleweka ukijua waajiri. Meli za Ziwa Victoria, Kyoga na Albert zilikuwa chini ya Kenya and Uganda Railways and Harbours. Mwaka 1948 shirika hilo likaunganishwa na reli ya Tanganyika kuwa East African Railways and Harbours, mwajiri mmoja kwa nchi tatu, makao makuu Nairobi. Ukiandikishwa Kisumu unaweza kupelekwa popote penye reli au maji yao. Kwa hiyo wewe ambaye mzee wako alikuwa "mtu wa relwe" au "mtu wa meli", usiishie kuuliza Mwanza na Dar es Salaam. Karatasi zake, kama zipo, huenda ziko Nairobi. Na jua kwamba jina la mwajiri lilibadilika hata kama mzee hakuhama kazi: shirika liligawanywa 1969, Jumuiya ikavunjika 1977. Familia nyingi zinatafuta jina la mwisho wakati mzee aliandikishwa kwa jina la kwanza.

Kurudi kwake nako kukapata sababu. Mvua zile za 1961 zililipandisha Ziwa Victoria kwa zaidi ya mita 2 katika miaka michache, na maji yote hayo yanatokea Jinja kwenda Kyoga. Gati zikafunikwa, mafunjo yakang'oka na kuziba njia. Huduma ya meli za Kyoga ikafungwa 1962. Reli mpya ya kaskazini ilikuwa inajengwa, ikafika Pakwach 1964, na hakuna aliyezihitaji tena meli zile. Majengo ya reli na bandari pale Namasagali yakawa shule.

Nilimwonyesha binti yangu ramani kwenye simu. Mto Simiyu unaingia ziwani upande wetu, kwenye Ghuba ya Speke. Stanley mwenyewe, alipozunguka ziwa kwa mashua yake 1875, aliutaja mto huu kuwa chanzo cha Nile kilicho kusini kabisa. Waliomfuata walimsahihisha, lakini kuhusu maji kwenda huko hakukosea. Mtoto akapitisha kidole: Simiyu, ziwa, Jinja, Namasagali. Akauliza maji yanatumia siku ngapi kufika. Sijui, na sikujifanya najua.

Ningeweza kuishia hapo, msomaji, na ungekuwa umesoma hadithi nzuri. Lakini siku ile Nkololo shangazi hakuwa amemaliza. Aliwatuma watoto kuchota maji, akangoja hadi sauti zao zikaisha njiani.

"Kule aliacha mtoto."

Mama wa mtoto alikuwa Msoga. Mtoto ni wa kike, alizaliwa miaka michache kabla meli hazijasimama, na babu alimpa jina la mama yake mzazi. Jina sitaliandika hapa, kwa sababu mwenyewe anaweza kuwa hai, ana karibu miaka 70, na si haki asome habari zake kwenye simu ya mtu. Ila niseme hili: ni jina lilelile la binti yangu. Tulimpa mwanangu jina la bibi mkubwa wa ukoo tukidhani hakuna mwingine analo.

Nikauliza kama bibi alijua.

"Nani aliyekuambia bibi yako alikuwa mjinga?"

Bibi alijua tangu siku babu aliporudi, maana alimwambia mwenyewe. Alikasirika, shangazi anakumbuka sufuria ikiruka. Kisha akamwambia akamlete mtoto, mtoto hana kosa. Babu aliahidi kwenda baada ya kuuza pamba. Pamba iliuzwa, hakwenda. Mwaka uliofuata vilevile. Halafu Amin akachukua nchi 1971, halafu vita, na babu akafariki 1984 bila kuvuka tena.

Nilikumbuka jambo nikapatwa na baridi juani. Bibi akiulizwa ana watoto wangapi alikuwa anajibu wanane. Sisi tunawajua saba. Tulidhani wa nane alifariki akiwa mchanga, na kwetu mama haulizwi hilo. Bibi alikuwa hazungumzii kaburi.

Nilimpelekea baba mkubwa habari mwenyewe, ana kwa ana, kwa sababu si ya kusemwa kwenye simu. Lile la kapteni aliliacha kwa shida, alinyamaza muda mrefu akiangalia sanduku la mbegu. La mtoto hakulikubali kabisa.

"Ng'ombe walitolewa?"

Nikasema sijui. Nadhani hawakutolewa.

"Basi ni mtoto wa kwao mama yake. Mila inajulikana. Na wewe unatafuta nini? Warithi?"

Sikumbeza, na naomba wewe unayesoma usimbeze. Mila anayoisema ipo kweli: kwa Wasukuma wa zamani ni ng'ombe wa mahari waliomfanya mtoto kuwa wa upande wa baba, na Hans Cory aliyeandika kitabu cha sheria na mila za Kisukuma 1953 aliyakuta hivyo. Na hofu yake haikutoka hewani. Shamba la Dutwa limeshagawanywa mara mbili, vijana ni wengi, na kila mmoja wetu ameona ndugu waliofikishana baraza la ardhi kwa ajili ya mistari mitatu ya mipaka. Mzee wa miaka 70 akisikia "dada yenu wa Uganda", anaona kamba ya kupimia.

Nilimjibu kwamba mwanangu anachora mti wa ukoo, hapimi shamba. Akasema vitu hivyo viwili huanza tofauti na kuishia ofisi moja. Tukaachana bila kugombana, lakini chai yangu niliiacha nusu.

Nyumbani swali lilikuwa jingine: mtoto wa miaka kumi aambiwe? Mimi nilitaka tungoje akue. Mama yake akanikumbusha kwamba "akikua" ndilo neno lililotufikisha kwenye Masagali mwenye ndevu. Tukamwambia kwa maneno machache: babu alikuwa na mtoto mwingine wa kike kule alikofanya kazi, hakumrudia, na hatujui yuko wapi. Nilijiandaa kwa maswali mazito. Aliuliza mawili. Moja, "Anajua kama sisi tupo?" La pili, kama alie kwa sababu ya huyo shangazi au hapana. Nikamwambia afanye anavyojisikia. Hakulia. Alichukua rula, akachora kisanduku cha nane karibu na vile saba, akakiunganisha kwa mstari wa nukta nukta, ndani akaandika jina lake mwenyewe kwa penseli ili lifutike ikibidi.

Kuhusu ile kazi ya babu nilitegemea angesikitika kumpoteza kapteni. Mistari yake mitano, kama alivyoiandika:

"Baba wa babu yangu alifanya kazi kwenye meli katika Mto Nile. Meli ilikuwa na gurudumu nyuma. Yeye alipima maji kwa mti mrefu. Kina kikiwa kidogo alipiga kelele ili meli isikwame. Kapteni alimsikiliza yeye."

Mwalimu aliweka vema, hakuandika neno.

Nimeanza kuulizia polepole. Rafiki mmoja anayepeleka mchele Uganda amenieleza kwamba pale Kamuli wapo wazee wanaozikumbuka familia za wafanyakazi wa bandari, nami nimempa jina moja tu, la babu, si la mtoto wake. Kama huyo mama yupo, mwenye kuamua kama anataka kutujua ni yeye. Huenda alishalia akamaliza zamani. Huenda ana Masagali wake, mtu wa kubuni aliyeambiwa ndiye baba yake, na anampenda.

Shangazi ananipigia kila Jumapili kuuliza kama kuna neno. Baba mkubwa alikaa kimya wiki mbili, hata salamu alipitishia kwa watoto wake. Juzi alfajiri, kabla ya saa kumi na mbili, simu ikaita. Nikaogopa, maana simu za saa hizo ni za misiba. Aliuliza mvua imenyeshaje mjini. Aliuliza bei ya mbegu. Akauliza kama mtoto alipata maksi nzuri kwenye ile kazi yake. Halafu akakohoa.

"Hivi kutoka Mwanza mpaka Jinja siku hizi nauli ni shilingi ngapi?"

Nikamwambia sijui, nitaulizia.